Mshipa umeziba, mbona daktari hauzibui?

Ndugu wawili wa familia moja wanaumwa moyo. Wa kwanza aliamshwa na maumivu ya kifua saa tisa usiku, akakimbizwa hospitali, na kabla jua halijachomoza alikuwa keshawekewa stenti, kifaa cha kushikilia mshipa ubaki wazi. Wa pili alibanwa na kifua kwa miezi kadhaa kila akipanda ngazi. Alipopigwa picha ya mishipa, ilionekana miwili imebana kwa zaidi ya asilimia 70. Akaambiwa arudi nyumbani na dawa. Jioni hiyo simu hazikatiki. "Huyo daktari hajui kazi." "Wanasubiri mpaka aanguke?" "Mwenzake mshipa mmoja tu kazibuliwa, huyu ana miwili anapewa vidonge?"

Lawama hizi nazielewa. Kwa asiye daktari hesabu ni nyepesi: kitu kimeziba, kizibuliwe. Ila ukifuatilia jinsi wataalamu wa moyo wanavyochagua nani apewe stenti na nani abaki kwenye dawa, utaona kwamba huenda ndugu hawa wametibiwa sawasawa wote wawili. Daktari anajiuliza swali ambalo familia haliulizi: nikimwekea mtu huyu stenti, ni kitu gani kitabadilika kwake?

Tuanze na majina, maana nusu ya ugomvi huanzia hapo. Moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji damu ili ufanye kazi. Damu inayojaa vyumbani mwake haiulishi. Hiyo ni ya kusukumwa kwenda mwilini. Moyo una mishipa yake ya kuulisha, inayotambaa juu yake kama mizizi juu ya jiwe, na hata ile mikubwa ina upana wa milimita tatu au nne tu. Miaka ikienda, mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo na njia ya damu hupungua. Msuli ukidai damu zaidi, kwa mfano mtu anapopanda mlima au anapogombana na mtu, haupati ya kutosha. Mwenyewe anahisi kifua kimebanwa, au kama kuna mzigo umewekwa juu yake. Akipumzika dakika chache, hali inatulia. Maumivu ya aina hiyo madaktari huyaita anjaina.

Angiografia ni kupiga picha. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye kifundo cha mkono, pale mtu anapopimwa mapigo, au kwenye kinena, unasukumwa taratibu hadi kwenye moyo, kisha inapulizwa dawa inayoonekana kwenye eksirei. Ni ukaguzi, hakuna kilichozibuliwa. Anjioplasti ndiyo matengenezo yenyewe. Daktari anapitisha waya mwembamba sana hadi ng'ambo ya mahali palipobana, na juu ya waya huo anasukuma puto dogo lililokunjwa. Akilijaza, mafuta yanakandamizwa ukutani, na wavu mdogo wa chuma, ambao ndio stenti, unatanuka na kubaki hapo kushikilia njia. Mgonjwa kwa kawaida yuko macho. Mara nyingi picha na matengenezo hufanyika katika kikao kimoja, kwa hiyo kuna anayeingia kupigwa picha akatoka na stenti, na kuna anayeingia akitarajia stenti akatoka na picha tu. Huyu wa pili ndiye anayerudi nyumbani na manung'uniko.

Kuna pia baipasi, upasuaji wa kufungua kifua na kupandikiza mshipa uliochukuliwa kwingine mwilini ili damu ipite kando ya kizuizi. Tutaurudia.

Mtu wa kwanza kutanuliwa mshipa wa moyo kwa puto akiwa macho alikuwa na miaka 38. Daktari wake alikuwa Andreas Grüntzig, mjini Zurich, tarehe 16 Septemba 1977. Stenti zikafuata mwaka 1986, na zile zilizopakwa dawa ya kuzuia kovu lisizibe njia upya zikaenea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nataja historia hii kwa sababu moja: mgonjwa yule alikuwa na mshipa mmoja, uliobana mahali pamoja panapofikika. Grüntzig alimchagua. Tiba hii imekuwa na mchujo tangu siku ya kwanza.

Saa inapoamua

Mshtuko wa moyo ndipo uchaguzi unapokuwa rahisi kuliko kwingine kote. Utando wa mafuta umepasuka, damu imeganda juu yake, mshipa umefunga ghafla, na msuli uliokuwa ukilishwa na mshipa huo unaanza kufa. Kipimo cha umeme wa moyo kikionyesha alama za mshipa uliofunga kabisa, na maumivu yakiwa yameanza ndani ya saa 12 zilizopita, hakuna mashauriano marefu. Mshipa ufunguliwe. Hapa stenti inaokoa maisha kwelikweli. Miongozo ya kimataifa inataka mshipa uwe umefunguliwa ndani ya dakika 120 tangu ugonjwa utambuliwe. Hospitali yenye mitambo hiyo ikiwa mbali kiasi kwamba muda huo hautafikiwa, mgonjwa anachomwa kwanza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ndipo anasafirishwa. Wapo ndugu wanaoona sindano hiyo kama tiba ya kubahatisha. Wanakosea: sindano ya mapema inaweza kuokoa msuli mwingi kuliko stenti iliyochelewa.

Wengine mshipa wao umebana sana bila kufunga kabisa. Kipimo cha damu cha troponini, ambacho hupanda msuli wa moyo unapoumia, ndicho kinachowaumbua. Wengi wao nao hupigwa picha, na walio hatarini zaidi hupigwa ndani ya saa 24. Mgonjwa ambaye moyo umeshindwa kusukuma damu hadi presha imeanguka hasubiri hata hizo saa.

Saa hiyo hiyo inaweza pia kumtoa mtu kwenye orodha. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa OAT, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 2,100 ambao mshipa wao ulikuwa umefunga, na siku 3 hadi 28 zilikuwa zimeshapita tangu mshtuko. Walikuwa wametulia, hawana maumivu makali. Kuwafungulia mshipa hakukupunguza vifo wala mishtuko mipya. Uharibifu ulikuwa umeshatokea, na kuupelekea damu msuli uliokwisha kufa ni sawa na kumwagilia mche uliokauka hadi mzizini. Kwa hiyo anayekaa nyumbani wiki mbili akinywa dawa za tumbo kwa kudhani ana gesi, kisha akafika hospitali akiwa nafuu, anaweza kukuta stenti haina tena la kumfanyia. Wenye kisukari, wazee na wanawake wanaponzwa zaidi na jambo hili, kwa sababu mshtuko wao mara nyingi huja bila yale maumivu ya kushika kifua tuliyozoea kuyaona kwenye filamu. Huja kama kukosa pumzi, kichefuchefu, jasho jingi au uchovu usioelezeka.

Jipu bichi na kovu la zamani

Sasa turudi kwa yule ndugu wa pili, mwenye vidonge vyake. Huyu ndiye anayezua mjadala.

Mwaka 2007 jaribio la COURAGE, lenye wagonjwa 2,287 wenye maumivu ya moyo yaliyotulia, lilipima jambo hili: nusu wapewe dawa bora peke yake, nusu wapewe dawa pamoja na anjioplasti. Baada ya miaka kadhaa, vifo na mishtuko ya moyo vilikaribiana pande zote mbili. Wengi hawakuamini. Mwaka 2020 likachapishwa jaribio kubwa zaidi, ISCHEMIA, lenye wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, na safari hii walichukuliwa wale ambao vipimo vilionyesha wazi kwamba moyo wao unakosa damu ya kutosha. Jibu likawa lile lile: kuanza na dawa hakukuwaua watu zaidi ya kuanza na stenti au baipasi.

Inawezekanaje? Naona mfano wa bomba lenye kutu, ambao sote tunautumia, ndio uliotuponza. Unatufanya tudhani ugonjwa uko kwenye ule mbano tu. Mfano wa jipu uko karibu zaidi na ukweli. Mafuta yako ndani ya ukuta wa mshipa, chini ya ngozi yake nyembamba, na yametapakaa sehemu nyingi. Mbano mkubwa unaoonekana kwenye picha mara nyingi ni kama kovu la zamani: gumu, limejaa chokaa, limekaa pale miaka na halina haraka. Linaloleta mshtuko mara nyingi ni jipu bichi lililoko mahali pengine, ambalo kwenye picha lilikuwa limebana njia asilimia 30 au 40 tu na hakuna aliyeligusa. Likipasuka, damu inaganda juu yake na mshipa unafunga kwa dakika chache. Ndiyo maana mtu anaweza kuwekewa stenti tatu na bado apate mshtuko kutoka mahali ambapo hakuna stenti. Dawa za kushusha lehemu, yaani statini, pamoja na kudhibiti presha na kisukari na kuacha sigara, hufika kwenye kila jipu la kila mshipa. Stenti hutengeneza sentimita mbili au tatu za mshipa mmoja.

Usemi wa "nimezibuliwa, nimepona" unaanguka hapo. Aliyewekewa stenti bado ana ugonjwa ule ule, na vidonge vya statini anavinywa kama yule aliyerudishwa nyumbani.

Lakini tusiruke upande wa pili tukasema stenti haina kazi kwa wagonjwa wa aina hii. Ina kazi ya kuondoa maumivu. Nayo ilibidi ithibitishwe kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa jaribio la ORBITA, nchini Uingereza, waliwalaza wagonjwa 200 mezani, wakawapa dawa ya usingizi mwepesi, wakawavisha vipokea sauti vyenye muziki masikioni ili wasisikie kinachoendelea chumbani. Nusu waliwekewa stenti. Nusu walibaki wamelala pale kwa angalau dakika 15 bila kuwekewa chochote. Hakuna mgonjwa aliyeambiwa yuko kundi gani. Wiki sita baadaye muda waliomudu kufanya mazoezi haukutofautiana vya kutosha kusema stenti ndiyo iliyosaidia, ila wote walikuwa wanakunywa dawa nyingi za maumivu ya kifua. Mwaka 2023 jaribio likarudiwa kwa wagonjwa 301 walioachishwa dawa hizo. Sasa stenti ikaonyesha nguvu: waliowekewa walipungukiwa na maumivu kuliko wenzao, ingawa wengi bado walibaki nayo kiasi.

Kwa hiyo kwa mgonjwa aliyetulia, daktari huanza na maumivu. Unayo? Yanakuzuia kufanya nini? Umeshatumia dawa zake kwa kipimo kamili, au ulipewa kidonge kimoja ukakiacha baada ya wiki mbili kwa sababu kilikuumiza kichwa? Asiye na dalili yoyote, ambaye mbano wake uligunduliwa kwenye uchunguzi wa kawaida, mara nyingi hana cha kupata kwa kuwekewa stenti. Anayeshindwa kutembea mwendo mfupi wakati dawa zimeshafika mwisho, huyo anafaa, na kumnyima ni kumwonea.

Wapo ambao majaribio hayo hayakuwahusu: wenye mbano kwenye mshipa mkuu wa kushoto, wenye moyo uliodhoofika sana, wenye maumivu yasiyovumilika licha ya dawa, na waliotoka kupata mshtuko karibuni. Ukisikia mtu anasema "utafiti umeonyesha stenti haisaidii", muulize anazungumzia mgonjwa yupi kati ya hao.

Asilimia 70 ya nini?

Mgonjwa akipewa majibu yake, jicho linakimbilia kwenye asilimia. Asilimia hiyo mara nyingi ni makadirio ya jicho la daktari akitazama picha, na madaktari wawili wanaweza kukadiria tofauti. Pia haisemi kama damu inayopita inatosha. Barabara iliyopunguzwa hadi njia moja haina foleni ikiwa magari ni machache.

Kwa hiyo mbano ukiwa wa katikati, daktari anaweza kupitisha waya wenye kipimo cha presha hadi ng'ambo yake. Chukua presha kabla ya mbano kuwa 100. Ikishuka hadi 80 au chini yake baada ya mbano, wakati mishipa imetanuliwa kwa dawa, mbano huo unaunyima moyo damu na una sababu ya kutengenezwa. Ikibaki 90, unaachwa, hata kama kwenye picha unatisha. Jaribio la FAME, lenye wagonjwa 1,005, lilionyesha mwaka 2009 kwamba kuchagua kwa waya huu kulipunguza idadi ya stenti zilizowekwa, na wagonjwa wakafanya vizuri zaidi kuliko waliochaguliwa kwa macho peke yake. Stenti chache, matokeo bora. Nikipewa nafasi ya kumwambia kila familia jambo moja, ningewaambia hilo.

Kuna hata mshipa uliofunga asilimia 100 ambao hauguswi. Ukifunga polepole kwa miaka, mwili huchonga vichochoro: mishipa midogo hutanuka na kuleta damu kutoka upande wa pili. Mtu anaishi, anatembea, hajui. Kuufungua mshipa wa namna hiyo ni kazi ngumu yenye hatari zake, na hufanywa zaidi pale mgonjwa anapoumia.

Mahali pa mbano panahesabika kuliko ukubwa wake. Mshipa mkuu wa kushoto, kabla haujagawanyika, unalisha sehemu kubwa ya moyo. Mbano wa asilimia 50 hapo ni mzito kuliko wa 80 kwenye kitawi cha pembeni. Na hapa baipasi inarudi. Mgonjwa mwenye mishipa mitatu iliyoharibika sehemu nyingi, hasa akiwa na kisukari, kwa kawaida anafaidika zaidi na upasuaji. Jaribio la FREEDOM, lenye wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyobana, lilionyesha mwaka 2012 kwamba waliofanyiwa baipasi walikufa kwa uchache na kupata mishtuko michache kuliko waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kilikuwa kingi kidogo upande wa upasuaji. Sababu inaendana na habari ya jipu: mshipa uliopandikizwa unaruka eneo zima la ugonjwa, pamoja na majipu ambayo bado hayajapasuka. Madaktari wana alama za kupima ugumu wa mishipa, zinazoitwa SYNTAX. Alama 22 kushuka chini, stenti inakubalika zaidi. Kuanzia 33, mizani inaelemea upasuaji. Kwa wagonjwa wa aina hii uamuzi mzuri hufanywa na mtaalamu wa stenti na mpasuaji wakiwa meza moja. Ukiambiwa jambo hilo linasubiri kikao, usidhani unazungushwa.

Na moyo uliodhoofika sana? Ilitarajiwa kwamba kuupelekea damu kwa stenti kungeuamsha. Jaribio la REVIVED, lenye wagonjwa 700, lilionyesha mwaka 2022 kwamba kwa ujumla haikuwa hivyo: waliopata stenti pamoja na dawa hawakuwa na nafuu kuliko waliopata dawa peke yake, kwa upande wa kufa au kulazwa kwa moyo kushindwa kazi.

Kuna swali moja la kliniki ambalo mgonjwa hulichukulia kama mazungumzo ya kupitisha muda.

"Mzee, kuna upasuaji wowote umepangiwa?"

"Upo mdogo tu daktari, wa ngiri. Mwezi ujao."

Jibu hilo linaweza kusogeza stenti mbele au kuifuta. Stenti ni chuma kigeni, na damu hupenda kuganda juu yake hadi ukuta wa mshipa uiote na kuifunika. Kwa hiyo mgonjwa hunywa dawa mbili za kuzuia damu kuganda, aspirini na mwenzake kama klopidogreli, kwa kawaida miezi 6 kwa aliyetulia na miezi 12 kwa aliyepata mshtuko. Akizikatiza mapema, stenti inaweza kuziba ghafla, na hilo huua. Mpasuaji wa ngiri naye hataki damu isiyoganda. Ndiyo maana huulizwa pia kuhusu vidonda vya tumbo vilivyowahi kuvuja damu, kuhusu wafarini, ambayo nayo ni dawa ya kuzuia damu kuganda, kuhusu upungufu wa damu, na, kwa lugha ya upole, kama mgonjwa ataweza kupata na kunywa vidonge hivyo kila siku. Kwa walio katika hatari ya kuvuja damu muda hufupishwa, wakati mwingine hadi mwezi mmoja au mitatu, lakini hilo hupangwa kabla puto halijajazwa.

Figo nazo zinapimwa, kwa kuwa dawa ya picha huzielemea zilizokwisha kuchoka. Umri peke yake hauzuii. Mtu wa miaka 85 mwenye mshtuko, anayejihudumia mwenyewe, anaweza kufaa kuliko wa miaka 60 ambaye maradhi mengine yameshammaliza.

Yule ndugu wa pili basi hajafungiwa mlango. Katika COURAGE, karibu theluthi moja ya walioanza na dawa peke yake waliishia kuwekewa stenti au kufanyiwa baipasi katika miaka iliyofuata, kwa kuwa maumivu yalizidi au hali ilibadilika. Naye akirudi kliniki baada ya miezi mitatu ya dawa kamili, bado anasimama katikati ya ngazi akishika kifua, faili lake linafunguliwa upya, waya wa presha unaletwa, na jibu linaweza kuwa stenti. Na maumivu yakimjia amekaa tu, yakapita dakika kumi na tano bila kutulia, au yakaja na jasho la baridi na kukosa pumzi, asingoje tarehe yake ya kliniki. Usiku huo huo apelekwe mapokezi ya dharura, akapimwe umeme wa moyo kama alivyopimwa ndugu yake.